Saa ya Mkono ya Kutia Ufunguo: Utazame Nini Kabla Hujatoa Fedha Yako?

Jumamosi moja jioni, mwaka jana, mtoto wa dada yangu alinijia nyumbani Tanga akitoka Dar es Salaam. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla hajakaa vizuri kitini, alininyoshea mkono wake wa kushoto. "Mjomba, itazame," akasema.

Nikaitazama. Ilikuwa saa nzito, yang'aa, na juu ya uso wake limeandikwa jina la kiwanda kimoja mashuhuri cha Uswisi. Nikamwuliza ameipata wapi. Akajibu kwamba ameinunua mjini, kwa mtu aliyemwapia kuwa ni saa ya kamani, ya kurithiwa na wajukuu.

"Nimetoa laki tatu, mjomba, na ile saa ya baba juu yake."

Hapo nilinyamaza. Ile saa ya baba yake naijua. Marehemu shemeji yangu aliinunua mwaka 1976, alipokuwa kijana wa reli. Kila asubuhi kabla ya chai aliitia ufunguo mpaka ikakaza, akaivaa, ndipo akatoka. Ilikuwa saa ndogo, kioo kimechubuka, na mkanda wake ulibadilishwa mara nyingi. Mtu wa mjini angeiona si kitu. Baada ya matanga dada yangu alimpa kijana huyu, maana ndiye mkubwa.

Jumatatu tulikwenda pamoja kwa fundi saa mmoja mzee, mwenye meza yake barazani. Akaishika ile saa mpya, akaitazama mara moja tu, kisha akaifungua mfuniko. Ndani hamkuwa na kamani. Mlikuwa na betri ndogo, na mashine ya plastiki nyembamba, na pete ya plastiki iliyowekwa kuizunguka ili nafasi ijae. Mzee akavua kioo chake cha jichoni, akasema kwa upole, "Umeuziwa jina, mwanangu. Saa yenyewe haimo."

Nimeyaandika haya kwa sababu kijana wangu si wa kwanza, wala hatakuwa wa mwisho. Siku hizi vijana wengi wamerudia kuzipenda saa za kamani. Ni jambo jema. Lakini asiyejua maana haambiwi maana. Basi natutazame pamoja, pole pole, mambo ambayo wapenzi wa saa huyaangalia kabla ya kununua.

Usione vyaelea, vimeundwa

Saa ya kamani haina betri. Nguvu yake yote yatoka mkononi mwako. Ndani mna utepe wa chuma uliokunjwa, nao ndio kamani. Unapozungusha kitufe cha pembeni unaikaza, nayo kwa kutaka kujinyosha huyasukuma magurudumu yenye meno. Kama magurudumu hayo yangeachwa huru, kamani ingefunguka yote kwa muda mfupi sana, na mishale ingezunguka kama feni. Kwa hiyo pana kizuizi, yaani uma mdogo wenye pembe mbili, unaoruhusu jino moja tu lipite kwa wakati mmoja. Uma huo huongozwa na gurudumu la mizani. Gurudumu hili haliendi mbele daima kama mengine, bali huyumba huku na huku, likirudishwa na kamani nyingine nyembamba kama unywele. Ile sauti ndogo unayoisikia ukiiweka saa sikioni ni mgongano wa meno na uma huo.

Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 katika saa moja, yaani mara 5 kila sekunde. Nyingi za Kijapani hupiga mara 21,600, na nyingi za Uswisi za siku hizi mara 28,800. Hebu fanya hesabu: hata ile ipigayo mara 5 tu kwa sekunde hupiga mara 432,000 kwa siku. Yafanya hivyo usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, ndani ya kitu kisichozidi upana wa sarafu kubwa. Mtu akilifahamu jambo hili hawezi tena kuinunua saa kwa kung'aa kwake tu.

Kwa nini bado zapendwa?

Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkono iitwayo Astron. Hiyo ilikuwa saa ya kwanza ya mkono iliyouzwa madukani yenye kutumia betri na jiwe la kwatsi. Bei yake ilikuwa yen 450,000, karibu na bei ya gari dogo wakati ule. Bei za saa za namna hiyo zilishuka upesi, na watu dunia nzima wakaziacha saa za kamani. Katika Uswisi, viwanda vya saa vilivyokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 mwaka 1970, vilibakiwa na karibu 30,000 tu katikati ya miaka ya 1980. Vijiji vizima vilivyoishi kwa kazi hiyo viliona taabu kubwa.

Nami sitakuficha, ndugu msomaji. Kwa kushika majira, saa ya betri ya bei ndogo huishinda saa ya kamani ya bei kubwa. Ya betri hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi, na ya kamani yaweza kukosea hizo kwa siku moja. Simu yako huzishinda zote mbili. Basi anayetaka kujua saa ngapi, na hataki zaidi ya hapo, asitoe fedha yake kwa saa ya kamani.

Kwa nini basi zapendwa? Kwanza, zaweza kufunguliwa, kusafishwa na kurudishwa kazini. Saa ya betri ya bei nafuu ikifa mashine yake hutupwa. Ya kamani, ikitunzwa, humzika mwenyewe na kumtumikia mwanawe. Pili, mtu huona kazi ya akili na ya mikono ya wanadamu, na moyo wake hufurahi. Tatu, ile desturi ya kuitia ufunguo kila asubuhi humfanya mtu aishike siku yake kwa mkono. Haya ndiyo mambo wapenzi wa saa wanayoyanunua, wala si dakika na sekunde.

Jambo la kwanza: ulizia mashine, si jina

Mnunuzi mgeni huuliza, "Ni saa ya nani?" Mpenzi wa saa huuliza, "Ndani mna mashine gani?" Viwanda vingi vyenye majina mbalimbali hununua mashine kutoka kiwanda kimoja. Kwa mfano, mashine ya Uswisi iitwayo ETA 2824 imewekwa katika saa za majina mengi sana, za bei ya kati na za bei ya juu. Hakuna aibu katika jambo hili. Kwa fundi ni faida, maana mashine iliyoenea hupatikana vipuri vyake, na fundi ameizoea.

Mashine ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya kutiwa ufunguo kwa mkono. Ni nyembamba, ina vipande vichache, nayo yataka ukumbuke kila siku. Ya pili ni ile inayojitia ufunguo yenyewe, ambayo wengi huiita otomatiki. Ndani yake mna kipande kizito cha chuma kinachozunguka kila unapotikisa mkono, nacho huikaza kamani. Mwingereza John Harwood alipewa hataza ya saa ya mkono ya namna hii mwaka 1924, na mwaka 1931 kampuni ya Rolex ikatoa ya kwake, ambayo kipande hicho chazunguka duara kamili. Otomatiki yamfaa mtu asiyependa kukumbuka. Lakini ukiivua ukaiweka, nyingi husimama baada ya saa 40 hivi.

Vipi kuhusu yakuti? Utaona imeandikwa kwamba saa ina yakuti 17, au 21, au 24. Hayo si mapambo. Ni vijiwe vilivyotobolewa, ambamo ncha za magurudumu huzunguka bila kulika upesi. Tena si yakuti za kuchimbwa ardhini, bali hutengenezwa kiwandani, wala si za thamani kubwa. Saa ya kawaida ya kutia ufunguo kwa mkono ikiwa na 17 imetimia. Otomatiki huhitaji chache zaidi. Miaka ya 1960 viwanda vingine viliweka hata yakuti 100 katika saa moja, na nyingi kati ya hizo hazikuwa na kazi yo yote ila kumvutia mnunuzi. Basi usidanganywe na hesabu kubwa.

Utaitambuaje mashine ya kamani bila kufungua mfuniko? Utazame mshale wa sekunde. Katika saa ya betri, kwa kawaida, huruka hatua moja kila sekunde, kisha husimama kidogo. Katika saa ya kamani huteleza kwa hatua ndogo ndogo zisizoonekana vizuri, maana kila sekunde ina mapigo 5, 6 au 8. Kijana wangu angelijua hili tu, angeiona ile saa ikiruka, akaenda zake na saa ya baba yake mkononi.

Jambo la pili: usahihi wa haki

Muuzaji akikuambia kwamba saa yake ya kamani haikosei hata sekunde moja kwa mwezi, mwage. Katika Uswisi kuna ofisi ya kupima saa iitwayo COSC, iliyoanzishwa mwaka 1973. Hujaribu kila mashine kwa muda wa siku 15, ikiwa imelazwa na kusimamishwa kwa namna tano, na katika joto la nyuzi 8, 23 na 38. Mashine yapewa cheti ikiwa wastani wake hauchelewi kupita sekunde 4 wala hautangulii kupita sekunde 6 kwa siku. Hizo ndizo bora. Saa njema ya bei ya kawaida ikikosea sekunde 15 au 20 kwa siku, usilalamike. Tena saa kuukuu ikikosea nusu dakika kwa siku lakini ikosee kiasi kile kile kila siku, fundi aweza kuirekebisha. Mbaya ni ile inayotangulia leo na kuchelewa kesho. Hiyo ni mgonjwa.

Jambo la tatu: kasha, kioo na maji

Sisi watu wa pwani tuna adui wawili, jasho na chumvi. Saa nyingi za zamani za bei nafuu zina mfuniko wa nyuma wa chuma kisichoshika kutu, lakini kasha lenyewe ni la shaba iliyochovywa kromu au dhahabu. Jasho huitafuna ile ngozi ya juu, shaba ikaonekana, na ngozi ya mkono ikaanza kuwasha. Geuza saa, utazame pembe za kasha pale mkanda unaposhikia. Hapo ndipo uongo huonekana kwanza. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja, kasha zima la chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko dhahabu ya kuchovya.

Vioo ni vya namna tatu. Cha plastiki huchubuka upesi, lakini hakipasuki ovyo, na mchubuko mdogo hutoka kwa kusuguliwa na dawa ya kung'arisha. Kioo cha kawaida kilichokazwa ni kigumu zaidi, lakini mchubuko wake hautoki. Cha tatu ni cha yakuti nyeupe ya kutengenezwa kiwandani. Ugumu wake ni 9 katika kipimo ambacho almasi ni 10. Hiki ni ghali, hakichubuki kwa urahisi, ila kikigongwa vibaya huvunjika.

Kuhusu maji, wengi hukosea. Saa ikiandikwa mita 30 haimaanishi kwamba waweza kuzama nayo mita 30. Kipimo hicho hufanywa kiwandani, saa ikiwa mpya na imetulia. Mita 30 maana yake ni kwamba yaweza kuvumilia matone ya mvua na kunawa mikono. Kwa kuogelea tafuta mita 100, na kwa mpiga mbizi 200. Tena mpira uzuiao maji huzeeka. Saa ya miaka kumi ambayo mpira wake haujabadilishwa, ihesabu kuwa haizuii maji hata kidogo.

Habari za maji zina historia yake. Mwezi Oktoba 1927, Mwingereza Mercedes Gleitze aliogelea katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, na saa ya Rolex ikining'inia shingoni pake. Alikaa majini zaidi ya saa kumi. Baridi ilimshinda kabla hajafika, akatolewa. Lakini saa ilikuwa ingali yaenda. Tangu hapo watu wakaanza kuamini kwamba saa ya mkono yaweza kustahimili maji.

Jambo la nne: ukubwa na mkanda

Saa ya mkono huvaliwa kila siku, basi na ikae vizuri. Kwa miaka mingi saa za wanaume zilikuwa na upana wa milimita 34 hadi 36. Baadaye zikakuzwa hata zikapita 44. Sasa wapenzi wengi wamerudi kati ya 36 na 40. Usiupime upana peke yake. Pima pia urefu kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini, maana pembe zikitokeza nje ya mkono wako, saa hiyo si yako. Mwangalie pia unene wake. Ikiwa nene mno itakwama katika mkono wa shati kila siku.

Angalia nafasi ya mkanda. Ikiwa ni milimita 18 au 20, utapata mkanda po pote. Ikiwa ni umbo la pekee la kiwanda, siku mkanda utakapokatika utahangaika. Nasi tunaotoka jasho jingi tujue kwamba mkanda wa ngozi hunuka na kuoza. Mkanda wa kitambaa cha nailoni au wa chuma watufaa zaidi.

Jambo la tano: saa kuukuu

Wapenzi wengi hupenda saa kuukuu, kwa kuwa ni nafuu na zina habari zake. Lakini hapa ndipo mitego ilipo mingi.

Mtego wa kwanza ni uso uliopakwa rangi upya. Saa za HMT za India, ambazo kiwanda chake cha Bangalore kilianzishwa mwaka 1961 kwa msaada wa Citizen ya Japani, zapendwa sana, hasa ile ya kutia ufunguo iitwayo Janata. Serikali ya India iliamua mwaka 2016 kukifunga kiwanda cha HMT, na tangu hapo watu wanazitafuta. Kwa hiyo wachuuzi huchukua saa iliyochakaa, wakaipaka uso rangi kali ya samawati au nyekundu, wakaiuza kama mpya. Saa ya miaka 40 yenye uso unaong'aa kuliko sahani mpya, iulize maswali. Tazama maandishi kwa kioo cha kukuzia. Ya kiwandani ni makali na yamenyoka, ya mchuuzi yamevimba na kupinda.

Mtego wa pili ni saa ya viraka, yaani mashine ya huku, uso wa kule, mishale ya kwingine. Yaweza kwenda vizuri, lakini bei yake isiwe ya saa kamili.

Mtego wa tatu ni wa hatari. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kwisha zilipakwa rangi ya radiamu ili zionekane gizani. Katika Marekani, wasichana waliofanya kazi hiyo walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua mifupa ya taya, na wengine wakafa. Wanawake watano waliishtaki kampuni yao huko New Jersey, na mwaka 1928 wakapata mapatano ya fidia. Radiamu hupungua nusu tu kwa miaka 1,600. Kwa hiyo saa ya babu yako iliyoacha kung'aa bado ina radiamu ile ile, kwa kuwa kilichochoka ni rangi tu. Usiifungue nyumbani, usiisugue mishale yake, wala usimpe mtoto aichezee. Saa za sasa hutumia rangi isiyo na madhara hayo, inayokula mwanga wa mchana na kuutoa usiku.

Jambo la sita: fundi wako ni nani?

Mpenzi wa saa mwenye busara humtafuta fundi kabla ya kutafuta saa. Mafuta yaliyomo ndani ya mashine hukauka, na vumbi huingia. Baada ya miaka minne au mitano hivi, saa yapaswa kufunguliwa yote, kuoshwa, na kutiwa mafuta. Waulize mafundi wa mji wako: "Ni saa gani mwezazo kuzitengeneza hapa hapa?" Jibu lao lathamini kuliko tangazo lo lote.

Ndiyo maana saa za Seiko 5 zimeheshimiwa sana katika nchi zetu. Zilianza mwaka 1963. Hesabu hiyo ya tano ni ahadi tano: ni otomatiki, siku na tarehe ziko katika dirisha moja, yazuia maji, kitufe chake kimeingizwa ndani upande wa saa nne ya uso, na kasha na mkanda wake ni imara. Nyingi zilizopitia Ghuba zina majina ya siku kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Mashine yake iliyoenea sana, 7S26, haitiwi ufunguo kwa mkono, wala mshale wa sekunde hausimami ukivuta kitufe. Ni mashine ya kazi, si ya fahari, na mafundi wengi waijua kama wajuavyo vidole vyao. Wengine hupenda Orient ya Japani, au Amphibia ya kiwanda cha Vostok kilichoko Chistopol nchini Urusi. Hiyo ya mwisho ilitoka mwaka 1967 kwa ajili ya wapiga mbizi, na mfuniko wake umeundwa hivi kwamba maji yakiusukuma huzidi kubana.

Kuitunza

Ukiisha kuinunua, yashike haya machache. Itie ufunguo saa ile ile kila siku, na ikianza kugoma usiilazimishe. Usibadilishe tarehe kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu wakati huo meno ya tarehe yameshikana, nawe waweza kuyavunja. Usiilaze juu ya simu, redio au mkoba wenye kufuli la sumaku. Ile kamani nyembamba ikishika sumaku, pindo zake hugandana, na saa huanza kukimbia dakika nyingi kwa siku. Ikitokea hivyo usiogope. Fundi huitoa sumaku kwa muda mfupi tu. Ukiona ukungu chini ya kioo, usingoje. Ipeleke siku hiyo hiyo, kwani kutu haina subira.

Saa ya shemeji

Sasa nimalize habari niliyoianza. Kutoka kwa fundi tulirudi Dar es Salaam, mimi na kijana, tukamtafuta yule muuzaji. Alikuwapo. Fedha hakurudisha, akasema saa ikishatoka dukani haijui tena. Tukamwambia, basi fedha kaa nayo, turudishie ile kuukuu tu. Akatazama chini. Alikuwa ameiuza wiki ile ile, kwa mpita njia asiyemjua. Kijana alisimama pale kitambo kirefu, hasemi neno. Majuto ni mjukuu.

Miezi saba alijinyima. Kisha tuliketi watatu, mimi, yeye na yule fundi mzee, na safari hii hakuna aliyeharakisha. Tulifungua mfuniko kwanza. Tulitazama pembe za kasha, tukasoma maandishi ya uso kwa kioo, tukaisikiliza. Fundi akaivaa mwenyewe siku tatu ili apime mwendo wake. Ni otomatiki ya Kijapani, kuukuu, haina fahari yo yote, na bei yake haikufika hata nusu ya ile laki tatu. Hukosea sekunde kumi na mbili kwa siku, naye hairekebishi ila Jumapili asubuhi.

Hata hivyo, kila apitapo mbele ya meza ya mchuuzi wa saa kuukuu, husimama na kuzigeuza moja moja. Anatafuta ndogo, yenye kioo kilichochubuka. Nyuma yake shemeji alikuwa amekwaruza kwa ncha ya sindano herufi mbili, ya jina lake na ya jina la dada yangu. Akiiona ataijua.

Nawe msomaji, huenda kabatini kwenu imo saa ya mzee aliyetangulia, imesimama, nawe wafikiri haina kazi. Kabla hujaitoa juu ya kingine king'aacho, ipeleke kwanza kwa fundi aifungue. Labda yataka mafuta tu.